Kwa Nini Petroli Haina Bei Moja

Hotuba kwa mkutano wa tawi, kama ilivyosemwa na mwanachama wa reli



Katika mkutano uliopita palitoka maneno makali juu ya bei ya petroli. Mwenzetu mmoja aliyerudi likizo kutoka Lodwar alisimama akasema kwamba petroli ya huko ni ghali mno kuliko ya Mombasa, kwamba wenye pampu ni wezi, na kwamba chama kiandike barua. Mwingine akasema wezi si wenye pampu, ni Serikali. Wa tatu akasema petroli ya bara si ile ya pwani, ati bara hupelekwa iliyotiwa maji. Kelele zikazidi, Mwenyekiti akagonga meza, na Kamati ikaniomba nije leo na maelezo. Mimi si mhandisi. Ni mtu wa reli, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini jambo hili zaidi ni jambo la kusafirisha mzigo, na kusafirisha mzigo ndiyo kazi yangu, basi nimekubali.

Wala jambo lenyewe si la kupitisha wakati. Mwajua ya kuwa tunadai posho ya nauli kwa wanaoingia zamu ya usiku. Tajiri mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa mazungumzo hayajaisha, amejibu kwamba atalipa kwa bei ya Nairobi kwa kila mtu popote alipo, kwa sababu, asema, bei ya petroli hupangwa na Serikali, kwa hiyo ni moja. Kwamba hupangwa na Serikali, ni kweli. Kwamba ni moja, si kweli, na hilo ndilo nataka tulijue vizuri kabla hatujarudi mezani.

Tuanze bandarini. Changamwe palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, kilichoanza kazi mwaka 1963. Mwaka 2013 kiliacha kusafisha, na tangu hapo petroli, dizeli na mafuta ya taa huja melini yakiwa tayari yamesafishwa, na kushushwa Kipevu. Kwa miaka mingi kampuni iliyoshinda zabuni ilileta mzigo wa meli kwa niaba ya kampuni zote. Mwaka 2023 utaratibu huo uligeuzwa, Serikali ikapatana na makampuni ya mafuta ya Saudia na ya Falme za Kiarabu yalete mafuta kwa mkopo wa siku 180. Watu wamebishana sana juu ya mapatano hayo, na leo siingii humo. Ninachotaka mkione ni kwamba petroli inayouzwa chini ya kibao cha Shell, na cha Total, na cha Rubis, na cha yule mwenye pampu mbili kando ya soko, yote ilitoka katika meli zile zile na kulala katika matangi yale yale. Kampuni nyingine hutia dawa yake kidogo ya kusafisha injini kabla ya kuuza. Zaidi ya hapo, tofauti ni rangi ya kibao.

Kutoka Mombasa mafuta huingia bombani. Wazee wetu waliostaafu hawalipendi bomba hili, na wana haki. Kabla yake mafuta yalipanda bara kwa mabehewa ya matangi na kwa malori, na behewa la tangi lilikuwa mkate wa watu wengi, kuanzia wa kufunga mabehewa mpaka karani wa kupima uzito. Kampuni ya bomba, Kenya Pipeline, iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 bomba la inchi 14 likaanza kusukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilometa 450. Na lilipita wapi? Lilipita ubavuni mwetu. Ukitaja stesheni za kusukuma mafuta katika bomba lile, Samburu, Maungu, Manyani, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud, Konza, mtu atadhani ni karani wa reli anasoma ratiba. Mwaka 1994 bomba lilifika Nakuru, Eldoret na Kisumu. Mwaka 2018 likamalizwa bomba jipya la Mombasa na Nairobi, nene zaidi, la inchi 20.

Ndani ya bomba moja hupita mafuta ya namna zote, mzigo mmoja ukiusukuma mwingine, bila ukuta kati yao. Pale dizeli inapogusana na petroli huchanganyika kidogo, na mafundi walio mwisho wa bomba hupima na kuutenga ule mchanganyiko usiende kwa mnunuzi. Nimeeleza haya kwa sababu ya yule ndugu wa maji. Hakuna bomba la pwani na bomba la bara. Petroli iliyofika Eldoret ilipita chini ya Nairobi, na ya Nairobi ilipita chini ya Mtito Andei.

Sasa bei. Tangu Oktoba 1994 Serikali ilikuwa imeachia bei huru, kila mwenye pampu auze apendavyo. Desemba 2010 ikarudisha kizuizi. Tangu hapo tarehe 14 ya kila mwezi hutolewa karatasi ya bei ya juu kabisa, nayo hufanya kazi kuanzia tarehe 15. Ofisi inayoitoa kwa sasa ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, ambayo watu huiita EPRA kwa kifupi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2019. Angalieni neno hilo, bei ya juu kabisa. Mwenye pampu akitaka kuuza chini ya hapo hashtakiwi. Akiuza juu ya hapo ndipo amevunja sheria, na hapo mwenzetu wa Lodwar angekuwa na neno la kuandikia barua. Nilimwuliza alilipa ngapi, nikaitazama karatasi ya mwezi ule. Alilipa bei ya karatasi, bila senti moja zaidi.

Basi kwa nini karatasi yenyewe iandike bei nyingi? Igawanyeni petroli mafungu matatu. Fungu la kwanza ni gharama ya kuinunua ng'ambo na kuifikisha Mombasa, na hii hulipwa kwa dola, kwa hiyo hupanda mafuta yakipanda duniani, na hupanda pia shilingi yetu ikianguka hata kama duniani bei imetulia. Mwaka 2023 mambo hayo mawili yalitupiga pamoja, na Septemba mwaka huo petroli ya Nairobi ikafika shilingi 211 na senti 64 kwa lita. Fungu la pili ni ushuru na tozo. Hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tozo ya kutengeneza barabara peke yake ilikuwa shilingi 18 kwa lita, ikawa shilingi 25 Julai 2024. Tozo ya maendeleo ya petroli iliruka kutoka senti 40 hadi shilingi 5 na senti 40 mwaka 2020. Kodi ya VAT ilianza kutozwa kwa mafuta Septemba 2018, 8 kwa kila mia, na Julai 2023 ikawa 16. Hata tozo ya kujenga reli, iliyowekwa mwaka 2013 juu ya bidhaa zinazoingia nchini, imo ndani ya lita. Mkisikia mtu wa lori akijisifu kwamba halipii reli, mwambieni analipia kila anapojaza tangi.

Haya mafungu mawili ndiyo karibu bei yote, na tozo ya barabara ni shilingi zile zile kwa mtu wa Likoni na kwa mtu wa Mandera. Anayekasirika kwamba petroli ni ghali, hasira yake na iende kwenye mafungu haya. Kijana wa pampu hayajui. Yeye ni mfanyakazi kama sisi, tena wengi wao hawana chama.

Fungu la tatu ni kutoka Mombasa hadi kwenye pampu, na hapa ndipo miji inapoachana. Kwanza kuna nauli ya bomba, kisha kuna nauli ya lori kutoka bohari iliyo karibu. Bomba ni rahisi, lori ni ghali. Bomba halina dereva, halina matairi, halirudi tupu. Lori la tangi hupeleka mzigo na kurudi na hewa, na dizeli linachoma safari zote mbili. Kwa hiyo kati ya Mombasa na Nairobi tofauti imekuwa shilingi tatu hivi kwa lita, kwa mwendo wa kilometa 450. Na Kisumu, ambayo ni mbali zaidi, bei yake imekuwa karibu sawa na ya Nairobi, kwa sababu bomba linafika. Lakini ukiondoka kwenye bomba, kilometa zinaanza kuhesabiwa kwa tairi. Mandera, mwendo wa kilometa 1,000 hivi kutoka Nairobi, hulipa zaidi ya shilingi kumi juu ya bei ya Nairobi. Lamu iko ufukoni kabisa, meli huziona kwa macho, lakini petroli yake hushushwa Mombasa na kwenda kwa barabara, hivyo Lamu nayo hulipa kuliko Mombasa.

Na Lodwar? Mafuta ghafi yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Yakachimbwa ya majaribio, yakapakiwa malorini katika matangi yenye joto, maana ni mafuta mazito kama nta, yakipoa yanaganda. Yakapelekwa mpaka Changamwe, na Agosti 2019 meli ikayachukua kuyauza ng'ambo. Malori yakashuka na mafuta ghafi ya Turkana, malori mengine yakapanda na petroli ya Ghuba, yakapishana barabarani. Mtu wa Lodwar anakaa karibu na visima na kulipa nauli ya lori kutoka Eldoret, zaidi ya kilometa 300. Hasira yake naielewa. Lakini kisima bila kiwanda hakimpi mtu petroli, kama vile mtu mwenye shamba la ngano bila kinu hana mkate.

Majirani zetu wa Tanzania wana karatasi kama yetu tangu mwaka 2009, ila wao wana bandari tatu za mafuta, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kila mkoa huhesabiwa kutoka bandari inayoulisha. Hivyo mkoa wa kaskazini na mkoa wa kusini huweza kupishana bei hata kama umbali wao kutoka baharini ni sawa, kwa kuwa meli ya Tanga na meli ya Mtwara hazikununuliwa siku moja wala kwa bei moja.

Nije kwenye mchanganyiko, kwa maana swali la yule ndugu, kama petroli ya mahali pamoja ni tofauti na ya pengine, si swali la kijinga. Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mafuta mengi mepesi yaliyochanganywa kwa kipimo, na kipimo chaweza kubadilishwa. Marekani hufanya hivyo. Wakati wa baridi hutia mafuta yanayogeuka mvuke upesi, ili injini iwake asubuhi, na wakati wa joto sheria huyapunguza, ili mvuke usichafue hewa ya miji. Jimbo la California limejiwekea kipimo chake peke yake tangu mwaka 1996, na kiwanda chake kimoja kikiharibika bei hupanda huko upesi, kwa sababu petroli ya majimbo mengine haiwezi kuletwa tu ikauzwa. Na katika mji wa Denver, ulio juu milimani karibu kimo kimoja na Nairobi, huuza petroli ya okteni ndogo, 85 kwa hesabu yao. Okteni ni nguvu ya petroli ya kukataa kulipuka kabla ya wakati ndani ya injini. Mahali pa juu hewa ni nyembamba, injini hubana hewa kidogo, kwa hiyo okteni ndogo hutosha. Madereva wetu wa treni waliopita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, wanajua jinsi injini inavyokosa pumzi pale.

Kwetu ingewezekana kuwa na petroli ya mlimani na petroli ya pwani, lakini hatuna, na naona ni vizuri. Gari la Kenya hulala Limuru na kuamka Malindi. Tuna kipimo kimoja cha petroli aina ya supa kwa nchi nzima. Tangu mwaka 2015 kipimo hicho tunashirikiana na wenzetu wa Afrika Mashariki, hasa katika kupunguza kiberiti kilichomo: katika dizeli kisizidi sehemu 50 katika milioni moja. Na risasi, ile sumu ya zamani iliyokuwa ikitiwa katika petroli, iliondolewa kabisa kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Mchanganyiko mwingine tulikuwa nao, na ulitoka stesheni yetu ya Muhoroni. Huko kiwanda kilitengeneza alkoholi kwa molasi, yaani yale masalio meusi ya sukari, na kuanzia mwaka 1983 ikachanganywa na petroli, sehemu moja katika kumi. Mpango ulikufa miaka kumi baadaye, bei haikuwalipa vizuri wenye kiwanda wala wenye pampu. Alkoholi hunywa maji, kwa hiyo haifai kupitishwa bombani na mafuta mengine, huchanganywa bohari ya mwisho. Huu ni mfano wa kwa nini nchi hupendelea petroli ya namna moja: kila namna mpya yataka tangi lake na mlinzi wake.

Lakini kuna mchanganyiko wa wezi, na huu sitaupita haraka. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, kwa kuwa ni ya mtu maskini apikaye kwa stovu. Wezi wakayanunua kwa rahisi na kuyatia ndani ya dizeli. Injini zikaharibika. Serikali ikayatia mafuta ya taa dawa ya alama, ili mkaguzi akipima dizeli aione, na yale yanayopita kwenda nchi jirani bila kodi yetu nayo hutiwa alama. Kisha Septemba 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, bei ikaikaribia ya dizeli, faida ya mwizi ikaisha. Ikaisha kweli. Ila anayelipa shilingi 18 hizo ni mama wa Kibera na mama wa Changamwe, ambao hawakuwahi kuchanganya chochote ila uji. Mimi sikubaliani na njia hiyo, na ningependa chama kiliseme wazi.

Na ninyi mnaonunua kwenye mitungi kando ya barabara kwa sababu ni rahisi kwa shilingi ishirini, hamjui mnanunua nini. Sisemi habari ya injini tu. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya mia. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yakavuja kutoka bombani, mtaa wa Sinai, Nairobi, watu wakachota, na tena wakafa zaidi ya mia. Waliochota hawakuwa wezi wakubwa. Walikuwa watu wa mshahara mdogo, na wengine hawana mshahara.

Neno la nauli. Matatu husema petroli imepanda, kwa hiyo nauli imepanda. Haya, tuhesabu. Chukueni gari la abiria 14, na tuseme linakwenda kilometa 8 kwa lita. Safari ya kilometa 20 hula lita mbili na nusu. Petroli ikipanda shilingi 10, safari hiyo imeongezeka shilingi 25 kwa gari zima. Gawanyeni kwa abiria 14: haifiki shilingi mbili kwa mtu. Lakini nauli hupanda kumi au ishirini, na petroli ikishuka nauli haishuki. Mwenye matatu ana gharama nyingine, sikatai, ila asiziite petroli.

Sasa dai letu. Mfanyakazi mwenye pikipiki, kituo chake kiko mbali na bomba, na petroli ya pale ni shilingi 10 juu ya Nairobi. Akitumia lita 2 kwa siku, siku 24, ni lita 48. Tajiri akimlipa kwa bei ya Nairobi, mtu huyo anatoa mfukoni shilingi 480 kila mwezi ili afike kazini, shilingi 5,760 kwa mwaka. Hizo anampa tajiri. Na hatuhitaji kubishana, maana karatasi ya tarehe 14 si ya chama, ni ya Mamlaka ya Serikali, na jina la mji limeandikwa pale na bei yake. Tajiri aliyesema Serikali hupanga bei, tumkubalie, kisha tumwonyeshe ilivyoipanga.

Wanachama wa Mombasa wasinune, najua wanahesabu kwamba kwa njia hii wao watapata pungufu. Kamati imeliona hilo. Tunadai bei ya Nairobi iwe ndiyo ya chini kabisa, na kituo chochote chenye bei ya juu kuliko hiyo kilipwe kwa bei ya mahali pake, ibadilike kila mwezi kama karatasi inavyobadilika.

Kila mwenye kituo nje ya njia ya bomba amletee Katibu jina la mji wake kabla ya Ijumaa. Katibu ataandika bei mbili kando kwa kando, ya huko na ya Nairobi, kwa miezi sita iliyopita, na karatasi hizo ndizo tutakazoingia nazo mwezi ujao. Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali nayapokea, ila la nani atalipia chai liende kwa Mweka Hazina.